Mosi, na Pili Yake Sijaiona

Mama, fungua kinywa.
Amri hii nimewapa maelfu ya watu
kwenye kiti changu cha kupanda na kushuka, huko Taejon,
chini ya taa nyeupe isiyojua haya.
Leo nakupa wewe, umekaa sakafuni Hansan,
na kurunzi yangu ni ya simu.

Hapo, kwenye meno ya mbele, juu na chini,
pana mfereji.
Si tundu la sukari, si ufa wa kuanguka.
Ni alama kama ile iachwayo na kamba
kwenye ukingo wa kisima,
na aliyepita hapo miaka hamsini na mitatu
ni uzi.

Kitambaa chenyewe kinaitwa mosi,
na pili yake sijaiona.
Watu husema ni bawa la kereng'ende.
Mimi nilikivaa kwenye joto la Agosti
nikatazama chini mara mbili
kuhakikisha sijatoka uchi.

Mmea wake unampita mtu kwa urefu,
jani lina tumbo jeupe upepo ukilipindua.
Hukatwa mara tatu kwa mwaka.
Ganda la nje hutupwa, la ndani hulowekwa,
huanikwa, hulowekwa tena,
hadi kijani kisahau kuwa kilikuwa kijani.
Halafu ndipo meno.
Kisu, ulisema, hakina ulimi:
hakijui uzi umefikia wembamba gani.

Mwaka wa kwanza wa ndoa midomo ilichanika,
ukawa unakula wali kwa maji baridi
na kabichi ya pilipili unaitazama tu.
Mama mkwe alikuja, akainama, akakuchungulia,
akasema neno moja:
"Usidondoshee kwenye nyeupe."

Bibi Jeom-sun wa nyumba ya jirani
ndiye aliyewapaka mafuta ya ufuta,
wake wapya wanne mmejipanga ukutani
mnacheka kwa kubana midomo, maana kucheka kuliuma.

Goti lako la kulia halina hata unywele.
Hapo ndipo nyuzi zilipoungwa, ncha kwa ncha,
kwa mate na kiganja.
Hapo nililala utotoni
nikaamka na mistari shavuni.

Kiangazi wenzako walifungua milango kutafuta upepo.
Wewe uliukimbia.
Uliteremka kwenye kile chumba cha shimo, ukafunga,
kwa kuwa hewa kavu hukata mtande,
na nyuzi elfu moja hazimsubiri mtu aliyechoka.
Nilifanya hesabu zangu ngazini.
Nilikujua kwa sauti tu: tak. Kimya. Tak.
Ukikawia, nilipiga kifuniko kwa kalamu,
nawe ulijibu tak.

Ada yangu ilitoka chini ya ardhi, jora kwa jora.
Saa tisa za usiku, sokoni,
mzee Baek alikiinua mbele ya taa,
akahesabu nyuzi kwa ukucha,
akakohoa ili bei ishuke.
Hukukohoa.
Kwa hiyo nikasomea meno
kwa fedha za meno.

Sasa nimekuja na mkoba. Nusu saa, Mama,
bila maumivu, niuzibe mfereji huu.
"Ukiziba," unaniuliza, "uzi utapita wapi?"
Uzi gani? Miaka sita hujafuma.
Kwenye kitanda cha mfumi umeanika pilipili.

Hukunijibu.
Ulikwenda kabatini kwa magoti,
ukarudi na utepe mmoja wa ganda, mkavu, rangi ya chai,
ukauchovya kwenye bakuli la maji,
ukanitia mdomoni kama unavyomlisha mtoto.
"Uma. Vuta."

Meno yangu yamenyooka, yalinyooshwa kwa waya,
yanang'aa kwenye picha ya kliniki.
Utepe uliteleza.
Ukaniuma mimi.

Ukaitazama ile damu, Pil-rye binti ya wakulima,
mama yangu, bila huruma na bila haraka,
ukasogeza kitambaa kilichokuwa mapajani mwangu.
"Usidondoshee kwenye nyeupe," ukasema.

Kurunzi nilikuwa nimeisahau.
Ilikuwa ikimulika dari.